Siku Kadi Zilipowarudia Wenyewe

Mtu akiniuliza kazi yangu, huwa namwambia nanunua mbao. Jibu hilo linawatosha majirani zangu wa mtaa wa Mangobo, maana wananiona nikitoka asubuhi nyuma ya pikipiki na kurudi jioni na unga wa mbao kwenye kilemba. Kampuni yetu inatengeneza milango, vitanda na madawati ya shule, na sehemu ya kazi hiyo inasafirishwa hadi nchi za mbali ambako watu hawajui Kisangani iko upande gani wa dunia. Waliniajiri kwa kuwa nilikulia kwenye karakana ya papa, baba yangu, ambaye ni fundi seremala, na ubao nikiugonga kwa kidole naweza kukuambia kama umekauka au bado una maji ndani.

Ubao kwangu ulianza kuishi pale uliposhushwa bandarini. Nani aliukata, nani aliubeba begani hadi mtoni, hayo yalikuwa mambo ya mwenye kuuza. Wa kwanza kuniuliza habari hizo alikuwa mkurugenzi wetu mpya, mama mmoja kutoka Kivu Kusini, mfupi, Mkristo wa kusali kila alfajiri, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha wote kunyamaza ili tumsikie. Ninapowaombea watu dua, yeye simruki.

Aliniita ofisini siku moja, akafunga mlango.

"Dada," alisema, "wanunuzi wetu wa ng'ambo wanataka tuwahakikishie jambo moja. Kwamba hakuna mtu anayefanyishwa kazi kwa nguvu, hapa kwetu wala kwa wale wanaotuuzia."

"Lakini wauzaji wote walishatia sahihi, mama. Waliapa kwamba hawana mambo hayo."

"Sahihi nimeziona. Mtu gani ataandika kwa mkono wake kwamba anafuga watumwa? Bon. Mimi nataka uende uwaone watu wenyewe. Unasema Kiswahili, unasema Lingala, mbao unazijua. Nenda kama mnunuzi, kaa nao, kula nao, kisha urudi uniambie."

Nikamwuliza nitafute nini hasa.

"Angalia kama mtu anaweza kuondoka," alisema. "Kazi ngumu wote tunaijua. Lakini mtu anayeweza kuondoka na asiyeweza hawafanani. Utawajua."

Nilikwenda na tonton, mdogo wake mama yangu, ambaye ni nahodha wa mashua kubwa ya mbao yenye injini, zile tunazoziita balenieri. Tonton ameteremka na kupanda mto huu tangu kabla sijazaliwa. Ni mtu wa mizaha mingi, lakini injini ikishanguruma anakuwa mkimya kama mtu aliye msikitini. Tulishuka na mto hadi Barumbu, tukalala kwa wavuvi wanaomjua, na kesho yake tukaingia kwenye kijito chembamba kwa mtumbwi wa mota. Kambi ya muuzaji wetu ilikuwa ndani huko, mahali ambapo hapafiki barabara yoyote.

Mwenye kambi alitupokea vizuri. Sitamsingizia. Alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, shati limepigwa pasi hata huko msituni, na wote walimwita Patron, yaani bosi. Alitutandikia viti, akatuletea samaki wa kuchoma na kwanga, ule mkate wa mihogo, akasema, "Mama, hapa sisi tuko famille moja. Uliza kila mutu."

Nikauliza. Wanaume walikuwa wengi, wamechoka, wamejaa unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Walisimama karibu na rundo la mbao wakanijibu mmoja baada ya mwingine. Mnakula vizuri? Tunakula vizuri. Mnapumzika? Tunapumzika. Patron anawatendeaje? Patron ni baba yetu. Maneno yalikuwa yale yale, kama watoto wa darasa la kwanza wanaoimba alfabeti. Na kila mmoja kabla ya kufungua mdomo aliangalia kwanza kwenye kiti cha Patron.

Mmoja hakuniangalia kabisa. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Mguu wenyewe ulikuwa umevimba hadi kwenye goti. Alikuwa amebeba ubao, na alipoutua nilimwona akiuma meno.

"Mguu umefanya nini, kaka?" nilimwuliza.

"Ubao uliniangukia."

"Mbona hukwenda hospitali?"

Akaangalia kijitoni, kwenye mtumbwi wa kambi uliofungwa mnyororo na kufuli. Patron ndiye aliyejibu: "Tunamutibu hapa hapa na dawa ya miti. Itapona."

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini nilimwona tonton akinikunjia uso, nikajua ameona kama nilivyoona. Nikasema basi, ngoja nikawasalimie wanawake jikoni. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, na Patron hakuwa na sababu ya kunizuia. Hata hakuinuka.

Wanawake walikuwa mmoja tu. Alikuwa anatwanga ndizi zilizopikwa za kutengeneza lituma kwenye kinu, jasho linamtiririka, na sufuria ya pondu, yaani kisamvu, ilikuwa ikichemka kando. Nikashika mchi wa pili tukatwanga kwa zamu. Aliniuliza niko mtoto wa wapi. Nikamwambia nimezaliwa Mangobo, lakini ukoo wa papa ni wale Waislamu wa zamani wa Kisangani. Mkono wake ukasimama hewani.

"Wewe ni Muislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Mimi ni wa Kasongo," alisema. "Dada, sijasali na mtu tangu nilipofika huku."

Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Alileta mkeka, akaniletea maji kwenye kopo, tukatawadha nyuma ya jiko. Kibla chake alikuwa amekikadiria mwenyewe, upande ule kijito kinakotoka, na mimi nilielekea alikoelekea yeye. Tulisali bega kwa bega. Mlinzi mmoja wa Patron alipita, akatuona tumesujudu, akaona aibu, akageuka akaenda zake. Tulipotoa salamu hatukuinuka. Tulibaki tumekaa kwenye mkeka kama wanawake wanaovuta tasbihi, na hapo ndipo alipoanza kuniambia.

Alikuja kwa sababu ya mtu aliyepita Kindu, alikokuwa akiishi na watoto wake, akitafuta wapishi. Mtu huyo alisema kuna kampuni kubwa, nyumba ya matofali, na kila baada ya miezi kadhaa ruhusa ya kwenda nyumbani. Akawaacha watoto wake kwa dada yake. Siku aliyofika, Patron aliomba kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha pekee alichonacho mtu wa kawaida, ili aandikishwe. Hakuiona tena.

"Za wote alizikamata hivyo hivyo," alininong'oneza. "Ukiomba yako, anasema, ninakuchungia, hapa kuna wezi. Ukisema unataka kwenda, anasema ngoja, pirogi, ule mtumbwi wa kambi, iko na kazi. Mwezi unaisha, mwingine unaingia, pirogi iko na kazi tu. Na mushahara anasema utapata siku ya kwenda. Sasa siku ya kwenda haifiki."

"Hakuna aliyejaribu kuondoka kwa miguu?"

"Alikuwepo. Alitembea mu pori mpaka mto mukubwa. Pale kwenye kizuizi askari wakamuuliza, kadi yako iko wapi? Mutu bila kadi ni nani? Wakamurudisha kwa Patron kama mbuzi aliyepotea." Akabana midomo. "Tangu siku ile hakuna aliyejaribu."

Nikamwuliza, "Nikisema haya, hatajua kwamba umeyasema wewe?"

Alinitazama. Mwanamke yule alikuwa na macho makubwa yasiyopepesa, na hata sasa nikiyakumbuka nahisi uzito wa kuaminiwa. Kisha akasema, "Usiseme kuhusu mimi. Sema kuhusu mguu. Mguu, kila mutu ameuona."

Ndivyo nilivyofanya. Nilirudi kwa Patron nikamwambia kwamba yule kaka wa mguu inabidi aende Kisangani kutibiwa, na sisi tunarudi kesho, nafasi ipo. Patron akacheka, akasema mama una huruma, lakini huyo ni fundi wangu wa msumeno, nikimtoa kazi inasimama. Nikasema ataoza. Akasema Mungu anajua. Hapo tonton, ambaye alikuwa amenyamaza siku nzima akila samaki, akafuta mikono yake akasema kwa Kiswahili chake cha mtoni:

"Patron, sikiliza. Mutu akikufa mu kambi yako, maiti nani atasafirisha? Mimi. Na mimi niko na mudomo mubaya, kila gati nitasimulia. Kisha nani atanunua mbao za mahali batu banakufia? Acha nimubebe angali hai. Mutu hai ninabeba bila bei."

Patron alimtazama, akanitazama mimi, akatafuta tabasamu lake akalipata. "Alors, mumubebe," akasema.

"Hospitali watataka kadi yake," nikasema.

Nadhani hakuwa na muda wa kufikiri. Aliingia kwenye chumba chake akatoka na bati la maziwa ya unga, akalifungua mbele yetu, akaanza kupekua. Kadi zilikuwa zimejaa humo, zimefungwa kwa mpira mweusi wa baiskeli, nyuso za watu zimelaliana. Alichomoa moja akanipa, akafunga bati haraka. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na tonton alikuwa ameona, na hapo siri ile ya kwenye mkeka haikuwa tena mzigo wa yule mpishi peke yake. Mpishi aliponiaga alfajiri alinishika mkono tu, maana Patron alikuwa amesimama karibu.

Tulipotoka kijitoni na kuingia mto mkubwa, yule mgonjwa alilala chali kwenye magunia ya mpunga akaanza kulia. Alilia bila sauti, machozi yanamwingia masikioni. Tonton alimpa sigara yake mwenyewe, akasema, "Lia baba, maji ya mto ni mengi, hayatasema kitu."

Mama mkurugenzi alikuja hospitalini mwenyewe. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamsikiliza yule kaka mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza na bila kuandika. Mimi nilikuwa nimeshafikiri la kufanya. Tulipotoka kwenye veranda nikamwambia, "Mama, tuache kununua kwake leo hii."

Lakini mgonjwa alikuwa ametusikia kupitia dirisha. Akaita, "Mama! Msiache!"

Tukarudi ndani. Alikuwa ameinuka kwa viwiko.

"Mukiacha kununua, yeye atauza kwa mwingine. Kuna wengine wengi hawaulizi kitu. Na wale benzangu watabaki mule mule, hata hakuna mutu wa kufika kuwaona. Ninyi ndio mulango peke yake. Musifunge mulango wakiwa bado ndani."

Nilimwona mama mkurugenzi akivua miwani, akaifuta kwa kitenge chake, akaivaa tena. Wapo wakubwa wa kazi wengi ambao wangesema asante kwa taarifa, wakampigia simu muuzaji mwingine, wakalala usingizi. Yeye alisema, "Ni kweli, papa. Kwanza watoke. Ya mbao tutaongea baadaye." Akampa yule mtu mwenye umri mdogo kuliko wake heshima ya kumwita papa, na mimi nikajua nafanya kazi na mtu.

Siku zilizofuata alitembea ofisi kwa ofisi hadi akampata mkaguzi wa kazi wa serikali aliyekubali kusafiri nasi, baba mmoja mtaratibu mwenye begi la ngozi lililochakaa. Wenye kampuni wakanung'unika kwamba oda itachelewa. Mama mkurugenzi akawaambia itachelewa. Baada ya hapo akaniambia kwamba mimi silazimiki kwenda tena. "Yule mtu sasa anajua uso wako," alisema. "Fikiri kwanza."

Nilikwenda kufikiri karakanani kwa papa. Alikuwa anapiga randa mlango, na mimi nilikaa juu ya ubao kama nilivyokaa utotoni, nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye bati la kadi, randa ilisimama.

"Bibi yangu," papa alisema, "mama wa baba yangu, yeye nilimukuta akiwa muzee sana. Aliletwa hapa mjini angali mutoto, wakati ule wa misafara ya watumwa. Waliomuleta ni watu wa ukoo wetu pia. Kwa hiyo sisi, mwanangu, tuko damu ya waliofunga na damu ya waliofungwa."

Nilikuwa nimesikia minong'ono ya hayo, katika mazishi na katika ugomvi wa mashangazi, lakini kutoka kinywani mwake sikuwahi.

"Jina alilokuwa nalo walimupa hapa," aliendelea. "Mimi nilimuuliza siku moja, bibi, kwenu ni wapi? Akasema kulikuwa na mto mudogo na mawe meupe. Basi. Jina la kijiji alisahau, luga ya mama yake alisahau. Alikufa hajui kwao." Akapuliza unga wa mbao kwenye makali ya randa. "Wale watu wa kambi bado wanajua kwao. Enda."

Sikuwa na haja ya kuambiwa mara mbili. Mama yangu alinifungashia chakula cha njiani akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho, na ndivyo anavyobariki.

Tulifika kambini mchana, balenieri ya tonton ikisubiri kwenye mto mkubwa na mitumbwi miwili ya kukodi nyuma yetu. Patron safari hii hakutandika viti. Mkaguzi alijitambulisha, akaeleza sheria kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa: kitambulisho cha mtu ni chake, hakuna mwajiri anayeruhusiwa kukishika, na mtu anayezuiwa kuondoka kazini anafanyishwa kazi kwa nguvu.

"Mimi ninawachungia!" Patron alipaza sauti. "Hawa watu nimewatoa kwenye njaa. Waulize, nani alikuwa anakula kabla ya mimi?"

Mama mkurugenzi akamjibu kwa ile sauti yake ya chini, na kambi nzima ikanyamaza ili imsikie. "Basi washibe wakiwa na kadi zao mfukoni. Patron, lete lile bati. Leo kila mtu atachukua kilicho chake, na anayetaka kuondoka ataondoka na sisi. Bila hivyo hatununui hata kijiti cha kuchokolea meno, na mkaguzi ataandika alichokiona."

Msituni misumeno ilikuwa imezimwa na watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja kati ya miti, wakasimama. Patron aliwahesabu kwa macho. Nadhani aliona kwamba hawakuwa wakimtazama yeye kwanza. Akaingia ndani akatoka na bati.

Mkaguzi aliita majina. Nimehudhuria harusi nyingi na mahafali ya watoto wa ndugu zangu, lakini sijaona majina yakiitikiwa vile. Mtu akisikia lake anajibu "Mimi!" kama anayebishana na mtu aliyemkana. Anapokea kadi kwa mikono miwili. Wengine waliibusu. Mmoja aliitazama picha yake kwa muda akauliza, "Mimi nilikuwa munene hivi?" na kicheko kikapasuka, kicheko cha kweli, kikasambaa hadi kwa mkaguzi mwenyewe, aliyelazimika kutoa leso.

Jina la mpishi lilikuja karibu na mwisho. Alitembea taratibu, akaichukua, akaifungia kwenye pindo la kitenge, akarudi jikoni. Nilidhani amekwenda kulia. Alitoka na kinu kichwani na mchi mkononi.

"Mama, kinu kizito, mtumbwi umejaa," nilimwambia.

"Kinu ni changu," alisema. "Nilikuja nacho. Sitamwachia huyu hata kijiko."

Tonton alimpisha nafasi mbele kabisa.

Si wote walioondoka. Kikundi cha watu wa Basoko walisema kwao ni karibu, na kazi ya mbao wanaitaka, mradi wawe huru. Hao walibaki, wakajiunga wao kwa wao, na leo wanatuuzia moja kwa moja bila patron juu yao. Kadi zao wanazo wenyewe, mtumbwi ni wao na hauna kufuli. Patron aliitwa na mkaguzi mjini, kesi ikaenda polepole kama zinavyokwenda, lakini alilazimishwa kuwalipa waliomfanyia kazi, na hakupewa tena kibali cha kukata. Nasikia yuko upande mwingine wa mkoa anauza mafuta ya taa. Simwombei mabaya.

Yule kaka wa mguu alipona. Anachechemea kidogo, daktari alisema angechelewa zaidi wangeukata. Papa alimchukua karakanani kwake, na sasa wanagombana kila siku kuhusu redio, mmoja anataka habari na mwingine anataka mpira.

Kazini kwetu mambo mengi yalibadilika, na mengi ni madogo. Hatupokei ubao kutoka mahali ambapo hatujafika. Hatufiki na mwenye kambi akituongoza. Tunazungumza na watu mbali na bwana wao, kwa lugha yao, na mmoja wetu lazima akae jikoni. Kila mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mbao zetu ana namba ya simu ya kutupigia, na anayepokea simu hiyo ni mimi. Inapolia naacha kila kitu. Mara nyingi ni mtu anayelalamika kwamba maharage yana mawe. Namsikiliza pia. Anayezoea kupiga simu kwa maharage ataweza kupiga kwa jambo kubwa.

Mpishi alikaa kwetu Mangobo hadi alipopata nguvu. Mama yangu, ambaye hapendi mtu mwingine aguse sufuria zake, alimpa jiko lote, na hiyo kwa mama ni kama kumpa mtu nyumba. Usiku wa kuamkia safari yake walikaa wawili hao wakisukana nywele, wanacheka mambo wasiyotaka kuniambia. Asubuhi tulimpeleka kwa pikipiki hadi bandari ya Ubundu, ambako angepanda mashua ya kwenda juu kuelekea Kindu kwa watoto wake. Kabla hajapanda alinishika mashavu.

"Asante ulikubali kusali na mimi," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye ninayepaswa kushukuru. Yeye ndiye aliyehatarisha maisha yake kwa mtu aliyemjua kwa muda wa kutwanga ndizi. Angeweza kunijibu kama wale wengine, tunakula vizuri, Patron ni baba yetu, na mimi ningerudi mjini nikaandika kwamba nimeona na hakuna tatizo, nikalala. Nikasema tu, "Nenda salama, dada, wasalimie watoto." Akaenda.

Baada ya hapo tulibaki na simu. Siku moja alinipigia akaniambia binti yake mkubwa amefaulu mtihani na anataka kuja Kisangani kusomea uuguzi, je, namfahamu mtu mwenye chumba? Nikamwuliza kama amepoteza akili, kutafuta chumba wakati nyumba yetu ipo. Binti alifika msimu wa mvua, amelowa hadi mifupa, ana begi moja na kadi yake ya mwanafunzi ikining'inia shingoni kwenye mfuko wa plastiki. Ananiita mama mdogo. Anasoma kwa sauti hadi papa anaziba masikio, anamwaga chumvi nyingi kwenye mboga, na akitoka anaacha taa zinawaka vyumba vyote. Mama yake akipiga Ijumaa huwa anauliza kama binti anatusumbua.

"Sana," namwambia. "Usithubutu kumwita arudi."